Njia ya Vitumbua kwenye Shimo la Nne

Kijana yeyote anayenifuata barazani kwangu Chumbageni na kunipa shikamoo ndefu kuliko kawaida, najua anataka nini. Hataki dua. Anataka mpira wake wa gofu uende mbali. Basi humuuliza kwanza: mbali wapi, hewani au ardhini? Hapo hunitazama kama mtu aliyeulizwa jina la bibi yake mzaa bibi.

Nimebeba mifuko ya fimbo katika uwanja wetu wa hapa Tanga kwa miaka thelathini na mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata thelathini na miwili, nikakumbuka kwamba mwaka mmoja nilikuwa nyumbani na goti. Kazi yenyewe inaitwa ukedi. Kedi hubeba mfuko, hufuta mpira, hutafuta mpira uliopotea, na hunyamaza mwenye mpira anapokosea. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalokuweka kazini.

Sasa tusikilizane. Mpira unaopigwa kutoka kwenye kijiti, kwa ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa tunayoiita draiva, una safari mbili. Ya kwanza ni ya hewani, nayo ni mali ya mpigaji. Ya pili ni ya ardhini, mpira unapoanguka na kukimbia, nayo ni mali ya kedi. Nyinyi mnaangalia ya kwanza tu, kwa kuwa inapendeza machoni. Mpira ukishaanguka mnainama kufunga kamba za viatu. Mimi macho yangu huanza kazi hapo.

Aliyenifundisha haya ni marehemu Mzee Mhando wa Nguvumali, kedi mkubwa wa zama zetu, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini na ulimi wa pilipili. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Vua."

"Nivue nini, mzee?"

"Viatu. Unataka kuusoma uwanja kwa ngozi ya ng'ombe?"

Akanitembeza uwanja mzima pekupeku, kisha akaniuliza wapi pagumu. Nikamtajia mahali patatu. "Rudi tena," akasema. Nikarudi, jua likiwa kichwani. Mara ya pili nikapata mahali saba. Tangu siku hiyo nahesabu mara mbili kila kitu, hata mayai ninayoletewa na mke wangu, jambo ambalo halijaniongezea heshima nyumbani.

Msidhani nilijua kila kitu baada ya hapo. Mwaka ule ule nilimbebea mgeni mmoja aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge, mtu wa mabega mapana. Nikamwonyesha mahali penye nyasi za manjano, nikamwambia ni pakavu, piga pale, mpira utakimbia. Nyasi zilikuwa kavu kweli. Chini yake palikuwa na udongo wa mfinyanzi uliokunywa maji wiki nzima. Mpira ulizama. Tuliutafuta mpaka yule bwana akaniuliza kwa upole kama nimeuuza. Tokea hapo sikuamini tena rangi ya nyasi. Nakanyaga kwa kisigino. Kisigino kikirudi na sauti, ardhi ni ngumu. Kikinyamaza, tafuta pengine.

Basi yote niliyoyajua yalihitajika siku moja, kwa ajili ya Mzee Karim.

Mzee Karim ana duka la misumari, rangi na mabomba pale mjini. Duka ni la babu yake, na yeye ni wa Tanga kuliko wengi wetu. Nilimbebea mfuko miaka ishirini na miwili. Kila Alhamisi alicheza na wenzake watatu wa rika lake. Walianza wakiwa sita, wawili tumewazika. Hao wanne walianzia kwenye alama nyeupe, zilizo nyuma kabisa, wanapoanzia wanaume. Mbele yake, kama hatua hamsini hivi, ziko alama nyekundu, za wanawake na za wazee waliopungukiwa nguvu.

Na Mzee Karim alipungukiwa. Sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa nahesabu. Mipira yake ilikuwa ikiruka hatua mia na sabini, ikawa mia na sitini, ikafika mia na arobaini na nane, na mwaka huo alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kwenye shimo la nne, lenye mkwaju mkubwa upande wa kushoto, alihitaji mapigo mawili kuupita mti ambao wenzake waliupita kwa moja. Nyuma yao watu walikuwa wakisubiri, wameegemea fimbo zao.

Siku moja kapteni wa klabu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole lakini mwenye haraka, akatufuata.

"Mzee Karim, shikamoo. Kamati imeonelea uanzie alama nyekundu. Ni kwa raha yako."

"Raha yangu naijua mimi," Mzee Karim akasema.

"Watu wanasubiri nyuma, mzee wangu. Mpira hauupiti hata mkwaju wa shimo la nne."

Mzee Karim alinigeukia mimi, kama mtu anayetafuta fimbo mfukoni, lakini hakuomba fimbo. Kapteni alipokwenda zake, akasema, "Kombo, pale nyuma ndipo tunapoongea. Tukishapiga kila mtu anafuata mpira wake. Nikienda kusimama kule mbele peke yangu nitaongea na nani, na kunguru?"

Hapo nikaelewa kwamba hatugombei hatua. Tunagombea dakika zile nne za kusimama pamoja, mmoja akipiga na watatu wakimtania.

Nikamfuata kapteni. Mimi kununua kitu bila kushindana bei sijui, hata kama kinachouzwa ni nafasi.

"Kapteni, mpe mtihani. Akiupita mkwaju kutoka alama nyeupe, abaki. Asipoupita, atakwenda mbele mwenyewe, wala hutamwambia tena."

Akafikiri. "Sawa. Mpira mmoja."

"Mitano."

"Kombo, huu si mnada."

"Ndiyo maana nasema mitano. Kwenye mnada ningeanzia kumi."

Tukapatana mitatu. Kisha nikamuuliza mkwaju unapimwa wapi, kwenye matawi au kwenye shina, maana matawi yake yana upana wa nyumba. Akasema shina. Nikamwomba arudie mbele ya watu wawili. Siku ikapangwa, wiki moja baada ya Idi. Tulikuwa na wiki tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani, halafu mwezi wenyewe.

Vijana, sasa chukueni kalamu, hapa ndipo penye ufundi.

Kwanza nilimnyang'anya nguvu. Mtu aliyepungukiwa na umbali huongeza nguvu, na nguvu huingia mikononi, mikono ikakaza, fimbo ikawa nzito kama nondo. Nikamwambia ashike fimbo kama anavyoshika mkono wa mgonjwa anayekwenda kumjulia hali: usiuachie, usiuminye. Akapata hatua saba hapo hapo.

Pili, kijiti. Alikuwa akikididimiza chini, mpira unakaa karibu na nyasi, naye anaupiga kwa kushuka. Mpira unaopigwa kwa kushuka huzunguka kurudi nyuma, huinuka kama unga uliopeperushwa, na ukianguka hauendi popote. Nikakiinua kijiti mpaka nusu ya mpira ikachungulia juu ya kichwa cha fimbo, nikausogeza mpira mbele, mkabala na kisigino cha mguu wake wa kushoto. Hapo fimbo huukuta mpira ikiwa imeanza kupanda. Mpira unakwenda na mzunguko mdogo, na ukigusa ardhi unakuwa bado na hamu ya kwenda.

Tatu, poda. Nilichukua poda ya mtoto, ya mjukuu wangu, nikapaka uso wa draiva. Ukipiga, mpira unaacha alama. Mzee Karim alikuwa akiapa kwamba anapiga katikati. Poda ikaonyesha anapiga ukingoni, karibu na mpini. "Poda yako ina fitina," akasema. Tulipiga mipira thelathini kwa jioni, siku baada ya siku, mpaka alama ikahamia katikati. Nawaambieni, hakuna fimbo ya bei ya pikipiki itakayokupa unachopewa na kupiga katikati. Nimeshuhudia bwana mmoja akinunua fimbo ya namna hiyo. Nikampimia. Alipata hatua tano, mbili kati yake zilikuwa za upepo.

Nne, mgongo. Nikamwambia augeuze mgongo wake mpaka uangalie kule anakotaka mpira uende, taratibu, kama anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto, ndipo ashuke. Mzee wa miaka sabini na mmoja hageuki kama feni, lakini akiinua kisigino cha kushoto kidogo, anageuka. Siku hizi mnafundishwa kisigino kisiinuke. Nyinyi mna viuno. Yeye alikuwa na mlango wenye kutu, na mlango wenye kutu hausukumwi, unasaidiwa.

Mwisho wa wiki tatu alikuwa akiruka hatua mia na sitini na sita. Shina la mkwaju liko hatua mia mbili na tano. Zilibaki hatua thelathini na tisa, na hizo zilikuwa juu yangu.

Mimi nilikuwa nazo mfukoni. Shimo la nne linakatwa na njia ya miguu, njia ya mkato ya kutoka kwetu Chumbageni kwenda Raskazone. Kila asubuhi hupita akina mama wauza vitumbua na chai, wapishi, watu wa bustani, na wateja wao. Miaka na miaka ya miguu. Ardhi pale imekandamizwa ikawa kama sakafu ya saruji, na baada ya njia pana mteremko kidogo kuelekea mkwajuni. Njia inakata hatua mia na sitini na tano kutoka alama nyeupe. Nikapima kwenda, nikapima kurudi. Nikadondosha mipira pale kutoka juu ya mkono wangu, ikaruka kama maharage kwenye kikaango. Mpira wa Mzee Karim ukianguka pale ungekimbia hatua arobaini na zaidi. Hesabu ilitosha.

Ukaingia mwezi mtukufu. Mzee Karim anafunga, mimi nafunga, kubeba mfuko juani na koo kavu si ibada bali ni ukaidi. Hatukukanyaga uwanjani. Kila jioni kabla ya futari alipiga mipira kumi uani kwake, kwenye zulia kuukuu lililoning'inizwa kwenye kamba, mkewe akilalamika kwamba zulia lilikuwa la mahari. Masika nayo ikaanza, mvua ikinyesha usiku na kuacha asubuhi. Mimi nilikuwa nimetulia. Hesabu ilikuwa imeshafungwa.

Siku ikafika. Wenzake watatu walikuwapo, kapteni alikuwapo, wakasimama kwenye alama nyeupe. Mimi nikatangulia mbele, karibu na njia, bila kujisumbua kuikanyaga, kuona mpira utakapoanguka. Mzee Karim akapiga. Nimewaona watu wengi wakipiga, lakini pigo lile lilikuwa safi kama kanzu ya Ijumaa. Mpira ukaja juu yangu, ukaanguka pale pale nilipopataka, katikati ya njia.

Ukasema pwa. Ukasogea hatua tatu, ukakaa.

Nikaenda nikakanyaga kwa kisigino. Kisigino kikaingia. Njia ilikuwa imeota nyasi, nyororo, kijani, juu ya udongo uliolegea kama ugali wa asubuhi. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake, mpaka nikaelewa. Wauza vitumbua hawauzi asubuhi katika Ramadhani. Wanauza jioni, milangoni kwao. Wateja wao hawali mchana. Mwezi mzima hakuna mguu uliopita pale, na mvua ikanyesha juu yake. Sisi tulifunga, na njia nayo ikafunga. Mimi Muislamu, mtoto wa Tanga, niliyehesabu mara mbili, nilisahau kuhesabu mwezi ambao mwenyewe nilikuwa ndani yake.

Mzee Karim alikuwa ameona. Kwa mbali nikamwona anachukua mpira wa pili bila kuningoja, na mabega yake yamepanda. Nilijua kabla hajapiga kwamba mikono imekaza. Mpira ulipanda juu sana, ukarudi chini karibu na mahali ulipotokea. Kunguru mmoja aliondoka njiani.

Ulibaki mmoja.

Nikiwa bado nimesimama kwenye tope, akatokea Bi Mwanahamisi, muuza vitumbua wa mtaani kwetu, ndoo kichwani. Lakini hakutokea njiani. Alitokea juu, upande wa kulia, penye tuta linaloshuka mpaka usawa wa mkwaju. Nikatazama miguu yake. Kandambili zilikuwa safi, hazina hata chembe ya tope.

"Bi Mwanahamisi, mbona wapita huko?"

"Ulitaka nipite wapi, hapo bwawani uliposimama? Nikakuuzie vitumbua vya udongo?"

"Tangu lini mnapita huko?"

"Tangu tumeanza tena kuuza, baada ya Idi. Wote twapita huku, juu ni changarawe. Wataka vitumbua au wataka habari?"

Nikapanda tuta nikakanyaga kwa kisigino. Kikarudi na sauti. Nikapima kwa macho, kisha kwa miguu: tuta lilianza nyuma kidogo ya njia ya zamani, hatua mia na sitini kutoka alama nyeupe. Njia mpya ilishuka na tuta, ikipinda kushoto kuelekea mkwajuni. Kulia kwake, hatua sita tu, kuna kichaka cha mkonge ambacho mpira ukiingia hautoki na wewe ukiingia unatoka na damu.

Nikarudi mpaka kwenye alama nyeupe, goti likinilaumu kila hatua.

"Kombo, fanya haraka, watu wanasubiri," kapteni akasema.

"Kapteni, tulipatana mipira. Dakika hatukupatana."

Nikamwendea Mzee Karim. Nikamwambia kosa la mpira wa kwanza ni langu, si lake. Kisha nikamwonyesha. "Lenga kile kichaka."

"Kombo, ule ni mkonge."

"Mkonge naujua, mzee, nimezaliwa Tanga. Lenga ukingo wake wa kushoto."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea utazungumza na kunguru. Shika mkono wa mgonjwa."

Akacheka, nami nikayaona mabega yakishuka. Mmoja wa wenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgonjwa gani, huyo si mgonjwa mwenyewe?" Mwingine akamwambia aharakishe, chai inapoa. Walikuwa wakimtania kama kila Alhamisi. Mzee Karim akapiga akiwa bado anatabasamu.

Mpira ulikwenda kulia, karibu mno na mkonge, nikafumba jicho moja. Ukaangukia tuta. Tuliusikia mpaka nyuma, mlio mkavu kama kokwa la embe kwenye bati. Ukaruka, ukaruka tena mdogo mdogo, kisha ukaifuata njia ya akina mama, ukapinda nayo, ukashuka nayo, ukapotea nyuma ya shina la mkwaju.

Nikaenda na kapteni. Kutoka shinani nikapima hatua tisa. Nikarudi nikapima tena, tisa. Kapteni akapima mwenyewe, akapata nane na nusu, ana miguu mirefu. Akampungia Mzee Karim mkono, akasema, "Nyeupe," akaenda zake.

Nikategemea nikirudi nikute watu wanapongezana. Niliwakuta wanne wamesimama pale kwenye alama nyeupe, na Mzee Karim anasema, "Haya, tulikuwa tunasema nini?"

Mwaka uliofuata goti likaniambia basi, nikaweka mfuko chini. Sasa nyinyi mna vile vidude vya kuchungulia, mnabonyeza, vinawaambia mti uko mbali kiasi gani. Ni vizuri, navyo havidanganyi. Lakini havijui nani anapita wapi asubuhi, wala kama mwezi huu anapita.

Daktari ameniambia nitembee kila siku nusu saa. Nilikwenda kwanza kwa Bi Mwanahamisi, nikamwomba yeye na wenzake warudi kwenye njia ya zamani, maana ile ya tuta imekaa karibu na mkonge na Mzee Karim haponi kila Alhamisi. Nikamwahidi nitanunua vitumbua vinne kila asubuhi. Akasema sita. Tukafika sita, kisha akasema hata kwa sita hapiti, alitaka tu kujua ningefika wapi. "Kama waitaka hiyo njia," akaniambia, "pita mwenyewe."

Basi napita mwenyewe. Kila asubuhi nakwenda mpaka mwisho wa njia na kurudi, mara mbili, na mwezi wa Ramadhani napita vile vile, baada ya sala ya alfajiri, polepole. Nyasi zimekwisha. Kitabu cha kanuni nimekisoma chote, nikakirudia, hakuna kanuni inayomkataza mstaafu kutembea.

Sikumwambia mtu. Wiki iliyopita Mzee Karim akanipigia simu.

"Kombo, mpira wangu leo umekimbia hatua arobaini na nne pale kwenye la nne."

"Mashaallah, mzee. Mkono umetulia."

"Mkono," akasema. Nikasikia wenzake wakibishana nyuma yake. "Kesho vaa viatu vizito."